Ng'ombe Kwenye Kibofu cha Mzee Masanja

Nimestaafu juzi tu, na tayari wadogo zangu wa wodini wamenifuata nyumbani na kreti la soda, wananibembeleza niwaandikie habari za dawa za saratani zinazoamsha kinga ya mwili. Madhara yake utayajuaje, na ukishayajua ufanye nini. Wanasema siku hizi zinakuja kwa dripu na zina majina ambayo mtu akimaliza kuyataja inabidi anywe maji. Sawa. Lakini mimi sikuanza na dripu. Nilianza na mzee mmoja wa Rwamgasa aliyekuwa mtiifu kupita kiasi, mpira wa mkojo, na ng'ombe. Ya dripu kamuulizeni daktari wenu. Wa ng'ombe kaeni hapa, na mtu asinikatize.

Siku yangu ya kwanza kazini Shinyanga, Matroni Paskalia hakunionyesha wodi wala kabati la dawa. Alinishikisha gilasi ya mkojo. Mkojo wa nani, sikuambiwa.

"Inua kwenye dirisha. Unaona nini?"

"Naona mkojo, Matroni."

"Hilo hata mwenyewe aliyeukojoa alikuwa analijua. Unaona nini upande wa pili?"

Nikakodoa macho. Nikasema naona mwarobaini, na mtu anafunga baiskeli.

"Basi huyu ana nafuu. Siku usipomwona mwenye baiskeli, niite."

Ndiyo ilikuwa shule yangu. Matroni alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kusikika mpaka getini, na hakuwahi kunifundisha kitu kwa maneno mengi. Wakati huo, miaka ya tisini inaanza, gilasi zetu nyingi hazikuonyesha baiskeli. Kanda hii ina kichocho. Vijana walikojoa damu wakichunga, wenzao wakawaambia sasa umekuwa mwanaume, na mambo yakaishia hapo. Walipofika kwetu walikuwa wazee, na ile damu haikuwa ya kichocho tena.

Mzee Masanja alikuwa na duara lake, yaani shimo la dhahabu, huko Rwamgasa upande wa Geita, na vijana waliomchimbia. Alipata kusikia habari za hospitali siku mkojo ulipogoma kabisa kutoka. Vijana wake wakambeba mzegamzega mpaka kwetu. Daktari Kweka, aliyekuwa ametoka masomoni ng'ambo na kifaa chake cha kuchungulia kibofu, akatoa mabonge ya damu, akaona uvimbe, akaukwangua. Majibu yakarudi: saratani, lakini haijazama ndani. Ikiachwa itarudi na itazama, na ikizama tutamzika.

Sasa hao aliosoma nao Daktari walikuwa wamemtumia kasha la barafu lenye vichupa vya dawa mpya. Mpya kwa kazi hiyo, maana yenyewe ilikuwa BCG, ileile wanayochanjwa watoto begani, ila kali zaidi. Daktari akaketi kitandani kwa Mzee Masanja, akaeleza vizuri kabisa. Tunaweka mdudu hai aliyedhoofishwa ndani ya kibofu. Askari wa mwili wanaamka, wanakuja mbio kumpiga, na humohumo wanaipiga saratani.

"Huyo mdudu mmemtoa wapi?" Mzee akauliza.

"Ni ndugu wa kifua kikuu. Zamani alitoka kwa ng'ombe."

Uso wa Mzee Masanja ukachangamka. Msukuma ukimtajia ng'ombe umeshamkaribisha nyumbani.

"Ng'ombe dume au jike?"

Daktari Kweka akanitazama mimi, kana kwamba lilikuwa swali la uuguzi.

"Hawakutuambia, mzee," nikasema.

"Mnaingiza ng'ombe kwa mtu na hata hamjui ni dume au jike!" Akafikiri kidogo. "Haya, mwingizeni. Ng'ombe hawajawahi kunikosea."

Jokofu pekee lililoaminika lilikuwa la mafuta ya taa, nalo lilikuwa kliniki ya watoto. Ikabidi Mzee akasubiri huko, kwenye benchi, katikati ya akina mama na vichanga vyao. Alivaa kofia na koti lake la heshima.

"Shikamoo, babu. Umemleta mjukuu?" mama mmoja akamuuliza.

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe. Nimekuja kuchanjwa."

"Chanjo gani tena?"

"Hiyohiyo ya watoto wenu. Mimi nilichelewa."

Benchi lote likavunjika mbavu. Alipoambiwa anaitwa, mama mmoja alimpisha, mwingine akamwombea kwa sauti asilie. Hapo niwausie jambo: dawa ya kibofu haichanganywi kwenye meza ya chanjo za watoto, hata uwe na haraka vipi. Jokofu linaweza kuwa moja, lakini meza mbali, sindano mbali, glavu mbali. Matroni alikuwa tayari kumchapa mtu kwa hilo.

Dozi ya kwanza tulimlaza wodini tukimwona. Mpira ukapita bila tone la damu. Mkiona damu wakati wa kupitisha mpira, ahirisheni wala msione aibu, kwa sababu penye kidonda ndipo mdudu anapopenya kwenda mwilini. Dawa ikaingia, mpira ukatoka, na Matroni akasimama kando ya kitanda akimgeuza: chali, ubavu, kifudifudi, ubavu wa pili, ili dawa ipake kibofu kizima. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakadhani ni amri ya wodi, nao wakaanza kugeuka. Mmoja alikuwa amefungwa plasta mguu mzima. Matroni akamfokea mpaka akalala sawa.

Muda ulipotimia Matroni akamruhusu chooni.

"Ukae," nikamwambia.

"Nikae? Kama mayo, kama mwanamke?"

"Ukae, mzee, usije ukamrusha ng'ombe ukutani."

Akakaa, akinung'unika Kisukuma kitu ambacho sikutafsiriwa. Tukamwaga jiki chooni, tukaiacha ifanye kazi kabla ya kusafisha. Jioni nikamuuliza hali. Akasema ng'ombe anapiga mateke. Ndipo nikaanza kujifunza lugha yake. Teke lilikuwa kuungua wakati wa kukojoa. Ng'ombe akitaka kutoka kila mara, ilikuwa kwenda haja ndogo mfululizo. Akisema amekwaruza, kulikuwa na damu kidogo. Akapata na homa kiasi, mafua ya uongo na kweli, nikampa parasetamol, asubuhi akaamka anaulizia ugali. Hayo yote Daktari alituambia tuyatarajie.

"Ng'ombe akiwa zizini, ngojeni," akasema Daktari, ambaye naye alikuwa ameshaambukizwa lugha. "Akitoka zizini, niiteni hata nikiwa bafuni."

Zizi lilikuwa kibofu. Nisingeweza kuwafundisha vizuri zaidi leo.

Wiki iliyofuata wodi ilifurika, watu wawili kitanda kimoja. Tukakubaliana Mzee atakuwa anawekewa dawa asubuhi, saa nne hivi, kisha anakwenda kugeukageuka kwa shemeji yake, fundi cherehani wa Kambarage, si mbali. Daktari Kweka akamshika bega, akamwambia kwa Kiswahili fasaha kabisa:

"Mzee, usikojoe ovyo. Saa mbili ndiyo ukojoe."

"Saa mbili," akarudia Mzee.

"Saa mbili," akasema Matroni.

Hata mimi nilitikisa kichwa. Maelekezo gani yangekuwa wazi zaidi ya hayo?

Lakini ng'ombe akazidi ukorofi. Kila wiki mateke yaliongezeka. Mzee alikuja amekonda, midomo imekauka, anatembea amebana magoti. Daktari alimuuliza kila mara, kama inavyotakiwa.

"Ulikojoa saa mbili?"

"Saa mbili kamili, Daktari. Sikuibia hata kidogo."

"Safi sana, mzee. Wangekuwa wote kama wewe!"

Mzee akajaa sifa. Tukampumzisha wiki moja, kibofu kikatulia, tukaendelea. Baada ya dozi ya nne shemeji yake akamleta amemkalisha nyuma ya baiskeli, anatetemeka mpaka kengele inalia yenyewe.

Homa. Na huku kwetu homa maana yake ni malaria, watu hawana neno la pili. Tukampima, na kweli vijidudu vya malaria vikaonekana viwili vitatu, kama ambavyo vingeonekana kwangu, kwa Daktari na kwa mlinzi wa getini. Tukamwanzishia kwinini. Sawa, malaria itibuni, lakini msiache kutafuta, maana kipimo hicho huku kinamsema kila mtu. Kwinini ikaisha, homa ikabaki. Akawa analowesha shuka kwa jasho. Akaanza kukohoa kikohozi kikavu. Macho yakaingia manjano, ugali akaukataa, na Msukuma akikataa ugali mimi roho yangu haitulii. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kwamba tunamuua kwa dawa ya kumponya.

Vijana wa duara wakaja kumtazama. Kiongozi wao, Shija, alikuwa pande la mtu, mabega yamejaa vumbi la mwamba.

"Nesi, ni kweli mmemwekea TB?"

Kwa nini nidanganye? "Kama TB hivi. Ila ya ng'ombe," nikasema.

Haikumtuliza.

Ndipo akaingia mke wa Mzee, Mama Nkwimba, kutoka Rwamgasa, amepitia kwanza Kambarage kwa kaka yake yule fundi cherehani. Tulikuwa tumezunguka kitanda, Daktari, Matroni na mimi. Nikamsalimia.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka. Nionyesheni huyo daktari anayekataza watu kukojoa."

Daktari akajikohoza. "Ni mimi, mama. Lakini sikumkataza. Ni saa mbili tu."

"Tu! Unasema tu!" Mama Nkwimba akashusha kapu lake chini kwa kishindo. "Asubuhi mnamjaza hiyo dawa. Jua linapanda, jua linashuka, mtu anagaragara kwenye mkeka wa kaka yangu! Watoto wanapokezana kumgeuza. Maji hanywi, anang'ata kanga, wateja wa nguo wamekimbia. Mpaka redio isome taarifa ya habari ndipo anakurupuka kwenda chooni!"

"Taarifa ya habari... ya saa mbili usiku?" Daktari akauliza taratibu.

"Si ndiyo saa mliyompa?"

Daktari Kweka akakaa chini. Bahati mbaya alikalia mguu wa plasta wa jirani, akapigiwa kelele, akaomba radhi, akakaa tena palepale. Saa mbili za kukaa na dawa, mzee wa watu alikuwa amezifanya mchana kutwa. Kutoka saa nne asubuhi mpaka saa mbili ya usiku, wiki baada ya wiki, kibofu kibichi kimejaa mdudu hai. Na kila tulipomuuliza alitujibu ukweli mtupu, nasi tukampongeza.

"Yesu na Maria," akasema Matroni. "Mzee Masanja, mbona hukutuambia ni mateso namna hiyo?"

Akafungua macho. "Mayo, nyie mnataka nipone. Mtu anayetaka nipone nitabishana naye kitu gani?"

Nilitazama pembeni. Kisha akaniita kwa kidole, akaweka kiganja kifuani, akakishusha chini ya mbavu za kulia.

"Ng'ombe katoka zizini," akasema. "Yuko hapa. Na hapa."

Hakuna aliyehitaji mkalimani. Daktari hakungoja makohozi yaoteshwe kwenye maabara kubwa ya mbali, maana majibu yangemkuta kaburini. Picha ya kifua ilionyesha vidoa kama mtama uliomwagwa, ikatosha. Akaagiza dawa za kifua kikuu siku ileile, na prednisoloni ya kuwatuliza hao askari wa mwili waliopandwa na wazimu. Na hili mwende nalo hata kwenye hizo dripu zenu. Dawa inayoamsha askari, madhara yake mengi ni askari waliokosa adabu. Simamisha dawa, tuliza askari, na mdudu kama yupo mtibu. BCG hakupewa tena maisha yake yote.

Mngedhani vituko vimekwisha. Mimi pia nilidhani hivyo. Sasa moja ya dawa hizo ni rifampisini, na rifampisini hugeuza mkojo rangi ya machungwa. Tulimwambia? Tulimwambia. Lakini alikuwa anaungua homa, akasikia nusu. Kesho yake akaenda chooni, akarudi ameshika ukuta, analia. Mzee mzima analia.

"Damu imerudi. Yote yale ya bure. Mmenirudisha nilikotoka."

Akageukia ukutani. Vidonge akavitema. Nikimpa, anaviweka chini ya ulimi kisha anavirusha dirishani. Dirishani walikuwepo akina Shija, wameshaandaa blanketi na mti wa kumbebea. Mzee anakwenda kufia nyumbani, wakasema, na Mama Nkwimba alikuwa anafunga kapu. Akitoka mlango ule bila zile dawa, amekwisha. Nilijua, Daktari alijua, na Daktari alikuwa ameongea mpaka sauti imekauka.

Matroni akanitazama. Akaenda kabatini, akaniletea gilasi.

Nikamwomba Mzee mkojo wake. Nikauinua kwenye dirisha, mbele ya uso wake.

"Unaona nini, mzee?"

"Damu."

"Upande wa pili. Unaona nini?"

Akasogeza jicho. "Namwona Shija."

"Yukoje?"

"Amekuwa kama papai lililoiva."

"Ile damu yako ya zamani, ungemwona Shija?"

Mzee Masanja akatafakari kama hakimu. Shija huko nje, asijue kinachoendelea, akanyoosha shingo na kutabasamu, meno yote ya machungwa.

"Hapana," akasema Mzee. "Damu haikuonyeshi mtu." Akafungua mdomo, nikamwekea vidonge, akameza, akanionyesha na chini ya ulimi bila kuombwa. Shija na wenzake wakalitandika lile blanketi chini ya dirisha, wakacheza karata.

Homa ilishuka polepole, kwa shingo upande. Manjano ikaondoka, ugali ukakubalika. Siku ya kuruhusiwa Daktari akampa dawa za kuendelea nazo miezi mingi nyumbani.

"Utameza kila siku saa mbili, kabla hujala."

Mzee akavua kofia. "Saa mbili ipi?"

Wodi nzima ilicheka, mpaka mguu wa plasta. Daktari hakucheka. Alimshika mkono, wakatoka barazani, akanyoosha mkono wake mrefu kuelekea mashariki, juu kidogo ya mapaa. "Jua likiwa pale."

"Pale," akasema Mzee, naye akanyoosha wake, akashukuru. "Wabeja, Daktari."

Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyetoka mikononi mwangu bila kunionyesha jua. Wengine waliniona nimerukwa na akili.

Alirudi kuchunguliwa kibofu, kikawa safi. Akarudi tena, safi. Kisha ikafika zamu yake nyingine asionekane. Wiki zikapita. Watu wa Rwamgasa wakija mjini niliwauliza, nao wakanijibu yuko, sijui, nilisikia, majibu ya namna hiyo. Nikaanza kujiandaa moyoni. Gari la hospitali lilipokwenda Geita kupeleka chanjo nikaomba nafasi. Tukalala Kalangalala, palepale Geita mjini, na alfajiri nikapata lifti mpaka machimboni.

Nilipokaribia mji wa Mzee Masanja nikaona wanaume wamesimama uani, wengi, kimya, kofia mikononi. Nikajisemea, umechelewa, Mama Kulwa, hawa wako msibani.

Nikapenya katikati yao. Mbele kabisa alisimama Mzee Masanja, mzima, mnene, mkono ameunyoosha kuelekea mashariki. Alisubiri. Jua likagusa pale anapopataka, akanywa kikombe cha maji mpaka mwisho, akashusha mkono. Wachimbaji wakavaa kofia zao, wakaanza kuokota sururu. Shija akaniambia kambi nzima huanzia hapo kazi, hawahitaji tena saa.

"Mzee, shikamoo! Dawa si zilikwisha mwaka jana?"

"Marahaba, mayo. Zilikwisha. Lakini hii saa ndiyo iliyoniponya, siwezi kuiacha ipite bila salamu."

"Na kliniki? Mbona hukuja? Nimekuwa na roho juu!"

Akashangaa kweli. "Daktari alisema, ukiona damu uje. Sijaona."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia pia. Kabla sijachagua akaniambia nisubiri, akaenda chooni. Mama Nkwimba akaninong'oneza kwamba mpaka leo anakaa. Akarudi na gilasi ya chai ya mkewe imejaa, ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayekuonyesha ndama aliyezaliwa jana.

Sikuwa na dirisha, nikainua kwenye jua. Nilitazama kama nilivyofundishwa, bila haraka. Mkojo wa mtu aliyekojoa damu tangu anachunga.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Namwona Shija."

"Rangi gani?"

"Yake mwenyewe," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya wachimbaji wote. Mama Nkwimba akaniambia nikimaliza kulia nimpe gilasi yake akaioshe, chai imeshaiva.